Hadithi za "mtoto wa maskini kafika chuo" humsahau mmoja: yule aliyebaki na mashua

MwanaWaTanga (mleta uzi)

Assalaam alaykum wadau. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye chai na kaimati akae.

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yakitoka picha ni ile ile. Kijana kabebwa juu kwa juu, mama anapiga vigelegele, mwandishi wa habari anauliza siri ya kufaulu ni nini. Kijana anajibu: bidii, nidhamu na dua za wazazi. Baba mvuvi, mama anauza mahamri, nyumba ya makuti, na leo mtoto anakwenda chuo kikuu. Kesho yake habari imekwisha. Mimi nilikuwa karibu niwe kijana wa namna hiyo (sikubebwa, B- haibebwi na mtu), na tangu wakati huo kuna jambo limenikwama kooni.

Kwetu ni Langoni, Lamu. Baba alikuwa nahodha wa mashua, na mashua yenyewe si yake, ni ya tajiri. Wasiojua mambo ya bahari: tajiri ndiye anayetoa chombo, nyavu na barafu, samaki wote unamuuzia yeye kwa bei yake, na ukipungukiwa anakukopesha. Ukishamkopa mara moja, wewe na yeye mmeoana.

Juni 2014 yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni. Ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku, na kuvua usiku kukawa marufuku kwa miaka. Mtu wa bara atasema, basi si mvue mchana? Jarife, wavu wetu, ni la usiku, ndugu yangu. Mchana maji yakiwa meupe samaki anauona uzi kama wewe unavyouona ukuta. Basi wanaume waliozoea kutoka magharibi na kurudi alfajiri wakawa wanakaa barazani Mkunguni wakiitazama bahari kama mtu anayemtazama mke aliyemwacha.

Msimu wa upepo wa kusi, 2015, baba akaanguka. Kiharusi, upande wa kulia, upande ule ule wa mkono wa kushika kana, mpini wa usukani. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Kaka yangu alikuwa kidato cha tatu, kanizidi umri kwa miaka miwili na darasa kwa mwaka mmoja. Hapakukaliwa kikao. Hapakuwa na usiku wa machozi kama kwenye filamu. Jumatatu moja kaka hakuvaa sare, akateremka pwani na mabaharia wa baba, na Jumanne mama akanipa mimi shati lake la shule kwa sababu langu lilikuwa limechanika kwapa. Kwenye kola, ndani, alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu ya wino. Nimefanya KCSE ya 2017 nimevaa jina la mtu mwingine shingoni.

Na alikuwa akinizidi hesabu. Hili nataka mlikumbuke.

Matokeo yalitoka tarehe 20 Desemba 2017. Ule ulikuwa mwaka wa ukame wa alama: nchi nzima waliopata A ni 142, na waliopata C+ kwenda juu ni elfu sabini na kidogo kati ya watahiniwa zaidi ya laki sita. Mimi na B- yangu nikawa bwana mkubwa mtaani kwa siku tatu. Mama alioka mkate wa sinia. Ami yangu mmoja, ambaye alikuwa hajaja kwetu tangu baba aanguke, alikuja akala vipande viwili.

Hadithi za magazetini huishia hapo. Sasa niwaambie kinachofuata, maana ndipo wenzangu wengi walipopotelea.

Kutoka Januari hadi kuripoti chuo ni miezi minane. Miezi minane mtoto wa miaka kumi na tisa yuko nyumbani, ana nguvu, na nyumba ina njaa. Nilipata kazi ya punda. Tulikuwa tukibeba mchanga na mawe kupeleka kwenye majumba yanayojengwa Shela, safari kwa safari, malipo jioni. Na pesa ya jioni ni tamu, nawaambia kweli. Mwezi wa tatu nilikuwa namnunulia baba dawa. Mwezi wa tano nilikuwa na simu yangu mwenyewe. Tulikuwa vijana sita pale wenye alama za kwenda chuo, na kufika mwezi wa saba watatu walikuwa hawataji tena habari hiyo. Hakuna aliyewakataza. Mmoja alioa, mmoja akaenda Mombasa kwa mjomba wake, mmoja alinunua punda wa pili.

Halafu kuna karatasi. KUCCPS, wale wanaowapangia watu vyuo, walinipangia Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Ada ya mwanafunzi wa serikali wakati huo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, na mtu anayesikia hivyo husema, si nyingi. Ongeza malazi, ongeza za kujisajili, godoro, nauli, chakula cha miezi ya mwanzo, kwa sababu pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, hazikusubiri langoni na shada la maua, zinakuja ukishaanza, na zinakuja zikitaka. Ili uombe HELB unahitaji kitambulisho, na watu wa visiwani mnajua kitambulisho kwetu kilivyokuwa: kupigwa msasa, leta cha babu, leta cha bibi, wazee wakae, rudi wiki ijayo. Unahitaji wadhamini, muhuri, picha. Baba anatia sahihi kwa mkono wa kushoto, na karani anauliza mbona sahihi hailingani na ile ya zamani.

Basari tuliomba. Sitasema ofisi gani. Jina langu lilikuwemo kwenye orodha, pesa hazikuwemo.

Wiki mbili kabla ya kuripoti, kaka aliweka kopo la maziwa ya unga juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na shilingi 23,500. Pesa za kamba wa baharini, alizokuwa akiweka tangu msimu wa kaskazi, wakati kamba ilikuwa elfu moja na mia mbili kwa kilo. Alinivusha hadi Mokowe kwa mashua ile ile ya tajiri, akaniteremshia sanduku, na hakungoja basi liondoke kwa sababu maji yalikuwa yanatoka. Mimi nikaingia basi, basi likaingia kwenye msafara wa polisi, tukaenda.

Kuanzia hapo ni hadithi yangu, na hadithi yangu haina la ajabu. Nilisoma, nikafeli somo moja, nikalirudia, nikamaliza.

Ninachouliza ni hiki. Kwa nini kila hadithi ya namna hii ina mtu mmoja? Mtoto, shida, bidii, chuo. Mimi najua nilivyofika. Nilifika kwa sababu mwingine alishuka ili chombo kiwe chepesi. Basi wadau: nani alibaki ili wewe uende? Au wewe ndiye uliyebaki?

KusiKali

Uzi mzuri lakini punguza chumvi ya machozi. Kaka yako sasa hivi ana boti ya faiba na injini mbili, wewe una digrii na unaandika nyuzi saa sita za usiku. Nani hasa alibaki?

MwanaWaTanga

@KusiKali nimecheka. Hana faiba. Ana nusu ya mashua na mgongo unaomuuma. Mimi nina kazi ya mkataba wa miezi sita sita. Labda tumebaki sote.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha pwani hii miaka mingi na ningependa kuongeza mawili matatu.

Mleta uzi kasema kweli kuhusu ile miezi minane. Sisi walimu hujisifu kwa alama, na alama zikishatoka tunafunga faili. Nilianza kuwatembelea wanafunzi wangu mwezi wa nne na wa tano baada ya matokeo, na niliyoyaona yalinitoa usingizi. Mtoto wa B yuko gatini anapakua saruji na barua ya chuo iko chini ya godoro, hajaifungua kwa sababu anajua ndani mna orodha ya malipo.

La pili, tusifanye kana kwamba mlango ni mmoja. C+ ndiyo kizingiti cha digrii. Lakini C- inakuingiza diploma kwenye vyuo vya ufundi, D inakupa cheti, na ufundi wa mikono una nafasi hata kwa aliyepata E. KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, wana kampasi hapo hapo Lamu. Nimeona mabinti wa mji wakisomea hapo na kulala kwao, na hilo peke yake limemaliza nusu ya hoja za wazazi.

La tatu ni kwa @KusiKali: nakukumbuka, na insha zako zilikuwa fupi vile vile.

KusiKali

Mwalimu!! Shikamoo. Natoka nje kidogo.

BintiGongoni

Mimi ndiye niliyebaki, kwa hiyo niacheni niseme.

Kwetu ni Gongoni, ukitoka Malindi unavuka Sabaki, unaendelea mbele. Mama alikuwa kibarua wa chumvi. Chumvi ni kazi ya jua: maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa, jua linayanywa, inayobaki inakwanguliwa na kubebwa. Masika yakianza kazi inasimama, na ujira unasimama nayo. Kwa hivyo kwetu mvua, ambayo watu wengine wanaiomba, sisi tulikuwa tukiisikia juu ya makuti usiku tukijua kesho hakuna.

Miguu ya mama ilipasuka mpaka akawa hawezi kuvaa ndara. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na C kavu. Nyuma yangu wako watatu. Nikaingia chumvini badala yake. Sikuambiwa, lakini nani mwingine?

Miaka minne. Halafu nikauza maji, nikauza mchele wa kupima, sasa nina duka la nafaka na sidaiwi na mtu. Wa kwanza nyuma yangu ni muuguzi. Wa pili yuko chuo mwaka wa tatu. Kitinda mimba bado yuko shule na anapenda mpira kuliko vitabu, Mungu atusaidie.

Sasa sikilizeni kinachoniuma, maana si kubaki. Muuguzi wetu alipohitimu tulifanya karamu. Mgeni wa heshima akasimama akasema binti huyu ametoka chini kabisa, bila msaada wa mtu yeyote, kwa juhudi zake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na mwiko wa pilau mkononi. Nikaendelea kupakua. Mdogo wangu alinitafuta kwa macho, nikajifanya naangalia ukoko.

Kwa hiyo mleta uzi, nakushukuru kwa kuligusa. Lakini nakuuliza na wewe. Nimesoma uzi wako mara mbili. Punda wameelezwa, karani ameelezwa, hata ami na vipande vyake viwili vya mkate. Kaka yako hajasema neno moja humo ndani. Ameweka kopo, ameteremsha sanduku, ameondoka na maji. Umemuuliza?

MwanaWaTanga

@BintiGongoni hapo umenishika. Sijamuuliza.

MkaziWaFaza

Wakati anajipanga, niseme la wasichana. Sisi wa Faza kwenda sekondari Lamu mjini ni safari ya boti, na kusi likichafuka boti haiondoki, kwa hiyo kusoma ni kulala ugenini. Kwangu umaskini haukuwa tatizo la kwanza. Tatizo lilikuwa posa. Nilipata posa mbili kati ya matokeo na kuripoti chuo, na zote zilikuwa za watu wazuri, ndiyo shida. Mtu mbaya ni rahisi kumkataa.

Aliyeniokoa ni khalati yangu, ambaye hajui kusoma ila msahafu. Alimwambia baba, "Mume atamngoja. Kile chuo kina tarehe." Maneno hayo tu. Baba aliyatafakari tangu adhuhuri hadi isha.

KusiKali

Nimerudi. Mbona hakuna aliyetaja bandari mpya ya Lamu? Maana mimi baba yangu alikuwa akivua mkondo wa Mkanda, na walipoanza kuchimba kina cha meli ndipo karo yetu ilipozama. Mahakama Kuu iliamua 2018 wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Sisi nyumbani tulifurahi, tukala kuku. Bandari ilifunguliwa gati la kwanza Mei 2021, mimi nilikuwa nimeshaacha kuuliza habari za chuo. Sisemi nani ana kosa. Nasema muhula wa kwanza haungoji hukumu. Haya, mnaona, na mimi nimetia chumvi ya machozi.

Mwalimu Mstaafu

@KusiKali hii ndiyo insha niliyokuwa naingoja tangu ukiwa kidato cha kwanza.

Kidato4_mwaka_huu

Samahani wakubwa, shikamooni. Mimi ni kifungua mimba, niko Malindi, mtihani ni Novemba. Baba hayupo. Mama hajasema nibaki lakini nikimwambia habari za chuo anabadilisha mazungumzo, anauliza kama nimekula. Nifanyeje?

BintiGongoni

Marahaba mwanangu. Kwanza fanya mtihani, hilo la mama liache hadi Desemba. Halafu kaa naye, usimwambie "nataka kwenda chuo." Mwambie mambo ya hesabu: nitaondoka mwezi fulani, mpaka hapo nitafanya kazi hii, nitaleta kiasi hiki, mdogo wangu huyu atachota maji badala yangu. Mama anayebadilisha mazungumzo anaogopa kitu alichokwisha kukihesabu kichwani. Mwonyeshe na wewe umehesabu.

Mwalimu Mstaafu

Na mimi niongeze ya karatasi. Kitambulisho: ukishatimiza miaka 18 kiombe siku hiyo hiyo, usingoje matokeo. Ufadhili tangu 2023 umebadilika, sasa ni mchanganyiko wa ufadhili usiolipwa, mkopo, na sehemu ya familia, kulingana na hali yenu. Mfumo huo umepelekwa mahakamani, kwa hiyo fuatilia tangazo la mwaka wako, usifuate la kaka wa jirani. Jaza fomu mwenyewe. Andika ukweli kuhusu baba na uwe na cheti au barua ya kuthibitisha. Na usimlipe mtu yeyote anayesema "anajuana na watu kule."

Kidato4_mwaka_huu

Asanteni. Nimekula, kwa taarifa.

MwanaWaTanga

Wadau, nimerejea. Imenichukua siku tatu.

Nilimsomea kaka uzi wote kwa simu, maana kusoma kwenye skrini anasema kunamuumiza macho. Alikuwa chomboni, wametia nanga wanangoja maji. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na yeye si mtu wa kutokatiza. Halafu akaanza kunisahihisha, na ameniamuru niyaweke hapa kama alivyoyasema.

Kamba haikuwa elfu moja na mia mbili. Ilikuwa elfu moja, "hiyo mia mbili tajiri alikupa wewe?"

Hesabu hakuwa akinizidi. Alinizidi za sokoni. Za darasani alikuwa akipata ishirini kwa mia, na karatasi alikuwa akizikunja mashua akizielea kwenye mfereji kabla ya kufika nyumbani.

Shule alikuwa ameanza kuitoroka kabla baba hajaanguka. Kila bamvua, maji makuu, alikuwa pwani. Mama alijua. Mimi peke yangu ndiye sikujua, na nimeandika "alishuka ili chombo kiwe chepesi" na yeye akacheka mpaka nikasikia mabaharia wengine wanamuuliza kuna nini.

Lakini kopo. Kati ya zile 23,500, elfu nne zilikuwa za mama, na elfu sita alikuwa amezikopa kwa tajiri. Alizilipa kidogo kidogo hadi kaskazi iliyofuata. Mimi nilikuwa Kilifi wakati huo nikimtumia ujumbe kwamba wenzangu wana kompyuta.

Nikamuuliza lile lako @BintiGongoni. Nikamwambia, siku ile ya Jumatatu, kama baba au mama angekukalisha akakuuliza unataka nini, ungesemaje? Alinyamaza. Nilisikia maji yakigonga ubao. Akasema simu inakwisha chaji.

Dakika kumi baadaye akapiga yeye. Nikadhani ndilo jibu. Akauliza, "Lile shati langu uliliweka wapi?"

Nimempigia mama. Anasema lipo, analifunikia unga wa mahamri usiku ili uumuke. Jina kwenye kola limefifia, zinasomeka herufi mbili.

BintiGongoni

Mnunulie mama kitambaa kingine. Shati mrudishie mwenyewe.